Mgomba wa Mwalimu Anastase

Mgomba uliingia Uvira juu ya baiskeli, umefungwa kwa mipira miwili, umelazwa vizuri kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Niyonzima aliusukuma kutoka Bwegera, pamoja na uzee wake wote, akalala njiani kwa jamaa, na kwenye kila baryeri, kizuizi cha barabarani, askari walimsimamisha wakamuuliza anabeba nini. Naye, kwa kuwa hakujua kusema uongo hata wa kujisaidia, alijibu: "Ni mudogo wangu." Walicheka mpaka wakashika matumbo. Pale Kavimvira mmoja akamwambia, "Kama ni ndugu yako, alipe naye. Hapa kila muntu analipa kichwa yake." Mzee akatoa pesa ya watu wawili. Usicheke nikikwambia kwamba huko kuulipia mgomba ndiko kulikomuuma kuliko miguu.

Pudentienne alikuwa uani kwake, mtaa wa Mulongwe, anageuza ndagala, dagaa wa ziwani, juu ya turubai. Aliinua macho, akaona baiskeli, akaona kilichofungwa juu yake, akaacha kugeuza.

"Shemeji, hiyo ni nini?"

"Unajua ni nini, Mama Iradukunda."

"Haiingie ku nyumba yangu."

"Sijasema iingie. Nitaiegemesha hapa ku ukuta wa jikoni, minye ninywe maji."

Basi mgomba ukasimama ukutani, umekatwa juu na chini, mweupe kwenye vidonda, ukitoa maji. Haikupita hata nusu saa jirani yao Domitille, muuza makaa, akaja kuazima chumvi ambayo wala hakuihitaji. Akausogelea, akarudi nyuma hatua moja, akaweka mkono mdomoni. "Yesu Maria! Hata urefu ni wake."

Urefu ulikuwa wa Anastase, mume wa Pudentienne, maana ndivyo desturi yao ilivyotaka. Kwa akina Niyonzima, kule kwenye bonde la Ruzizi, mtu akipotea na mwili usionekane, ndugu zake hukata mgomba shambani kwake mwenyewe, wakaupima kwa kimo chake. Kisha mkewe hutoa nguo aliyoivaa marehemu, anaivisha kwa mikono yake mwenyewe, na mgomba unazikwa kama mtu. Hapo kilio kinaisha. Pasipo hivyo nyumba inabaki ndani ya kilio: binti haolewi kutoka humo, na pombe ya wakwe haivuki kizingiti. Na binti alikuwapo. Iradukunda alikuwa na mchumba, Itangishaka, kijana muuguzi wa huko juu Lemera, mwana wa wakulima wa Nyakabere, na wazazi wake walikuwa wametuma neno mara ya mwisho: nyumba imalize kilio kabla ya mpunga kupandwa, au wamtafutie mwana wao mahali pengine.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa nguo. Na nguo ilikuwa mikononi mwa Pudentienne.

*

Jamani, Anastase! Ukitaja jina hilo mbele ya watu wazima wa Uvira, hata leo, utaona nyuso zinavyolainika. Mtu atakuambia alivyokuwa mrefu, mwingine atakuambia alivyokuwa hajui kabisa kuimba na bado akaimba kila Jumapili kwa sauti ya kumtia padri aibu. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano. Uvira ya wakati ule, kabla ya vita, ilikuwa mji mwingine. Meli zilitia nanga Kalundu zikitoka Kalemie na Kigoma, upepo ulileta harufu ya sukari kutoka kiwandani Kiliba, na Jumapili jioni watu walitembea ufukoni wamevaa nguo zilizopigwa pasi, bila kazi yoyote isipokuwa kuonekana. Anastase na Pudentienne walitembea nao. Yeye alikuwa na koti lake la kijivu, mke akiwa na vitenge viwili vya aina moja, na walikula samaki aina ya mukeke wa kuchoma kwa vidole, wakigombana nani amepata kichwa.

Mambo ya haki za watu aliyaanza kwa mchele. Wanawake wa Bwegera na Nyakabere walipoteremsha mchele sokoni, askari wa kwenye baryeri walichota bakuli kwa kila mmoja. Wakiwa Warundi, askari waliwaambia ni wageni. Wakiwa Wafuliiru, waliwaambia ni wakaidi. Na wanawake wenyewe walikuwa hawasalimiani. Anastase akapita nyumba kwa nyumba, kwa Warundi akiwa Mrundi, kwa Wafuliiru akiwa mwalimu wa watoto wao, akawaomba jambo moja tu: wapite kwa mstari mmoja, Mrundi mmoja, Mfuliiru mmoja, mpaka mwisho, na mbele kabisa atatembea yeye. Siku ya kwanza askari alimpiga kofi, kofia ikaruka mpaka mtaroni. Mwalimu akaifuata, akaikung'uta, akaivaa, akasema kwa utulivu, "Asante. Sasa tuendelee na mazungumuzo." Watu walicheka, askari wenyewe wakacheka, na mchele ukapita.

Vilipokuja vita vya kwanza, na vikafuata vya pili, hakukuwa tena na wa kucheka. Wakubwa wapya waliutawala mji kwa bunduki. Walipoua vijana watatu kwenye daraja la Mulongwe, Anastase, wakati huo rais wa sosiete sivile, yaani vyama vya raia, akatangaza mji ulale. Na mji ukalala. Maduka yalifungwa, mitumbwi ikabaki mchangani, hata walevi wakakaa majumbani kwao wakiwa na kiu. Kesho yake asubuhi gari likaja. Walimchukua akiwa na singilendi na kandambili, hawakumpa nafasi ya kuvaa. Pudentienne alilikimbilia gari lile akiwa na koti mkononi, akipiga kelele, "Ngojeni avae! Ngojeni avae!" mpaka pumzi ikamwishia njia panda. Gari halikusimama.

Koti lile ndilo lililohitajika sasa. Alilitundika nyuma ya mlango wa chumbani, na kila Jumamosi alilikung'uta vumbi, kwa sababu mtu akirudi safarini anataka kukuta nguo zake safi.

*

Habari ya mgomba haikuchelewa kufika kwa Emery. Emery alikuwa Mfuliiru wa Lemera, msaidizi wa Anastase wa zamani, na sasa ndiye aliyeshika kiti chake. Alikuja na jasho, akautazama mgomba kama mtu anayemtazama mgoni wake.

"Mama, nakuomba. Usifanye hivi."

"Karibu kwanza, Papa Emery. Keti."

"Siketi. Sikiliza. Miaka hii yote, kila redio inapouliza Anastase iko wapi, bakubwa banakosa cha kujibu. Wewe ukimuzika, banafunga dosie, faili yake yote. Batasema: familia yenyewe imekubali, muntu amekufa kifo chake. Kaburi itakuwa jibu yao!"

"Na Iradukunda?"

"Iradukunda ni mutoto wetu sisi wote. Angoje kidogo."

Hapo Pudentienne akasimama, ndagala zikamwagika miguuni. "Angoje! Weye uko na bibi, Emery. Anakupikia, anakugombeza, munalala. Minye niko na nini? Picha ukutani ku biro yenu, imewekwa maua ya plastiki. Munataka nisiwe bibi na nisiwe mujane. Nikae hivi hivi, katikati, nyinyi mupate kitu cha kusema ku redio!"

Ndipo Emery akasema lile ambalo lilikuwa limemkaa kooni muda mrefu, na alilisema kwa upole, jambo lililolifanya liume zaidi. "Sheria inasema bibi ya muntu ndiye anaenda ku biro ya utawala kumuuliza. Sisi hatupokelewe. Tulikuomba mara ngapi? Hukuenda hata siku moja. Hatukukulaumu. Lakini tulishangaa."

Pudentienne aliinama akaokota ndagala moja moja, akizipuliza mchanga, mpaka mgeni alipoondoka mwenyewe.

*

Aliyefuata alikuja kwa gari. Léopold, sekretere wa utawala, kijana nadhifu aliyetoka mji wa mbali, aliruka juu ya turubai la samaki kwa viatu vyake vinavyong'aa na akasimama kivulini, kitambaa puani. Pudentienne alimpa kigoda. Yeye alikitazama, akakipangusa kwa kidole, akabaki amesimama.

"Mama, wakubwa banatoa pole. Tumesikia familia inataka kufanya mambo ya mila. Tunaheshimu mila sana. Tutatoa sanduku nzuri ya mbao, hema, na kreti za bia. Na ku muji tutaita barabara moja, avenyu nzima, jina yake. Bao ya kuandika jina iko tayari, hata rangi imekauka."

"Munamuheshimu hivyo toka lini?"

Léopold alitabasamu kama karani anayezungumza na mtu aliyekosea dirisha. "Mambo ya zamani tuyaache, Mama. Akizikwa, inaisha vizuri kwa kila muntu. Hata kwa mutoto wako, nimesikia ataolewa. Félicitations, hongera sana."

"Papa Léopold, nikuulize kitu kimoja. Weye unajua kama alikufa?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Minye nilikuja hapa juzi tu, Mama."

"Nyinyi bote mulikuja juzi," Pudentienne alisema.

Gari lilipoondoka, watoto wa mtaa walilikimbilia wakicheka, na Domitille, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ua bila hata kujificha, akapaza sauti, "Bao imekauka! Basi hata rangi yao iko na haraka kuliko sisi!" Pudentienne akacheka bila kutaka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baiskeli ifike.

*

Iradukunda alirudi kutoka kwenye cherehani yake sokoni akakuta mama yake amekaa mbele ya mgomba, mikono mapajani. Mgomba ulikuwa umeanza kuwa mweusi kwenye vidonda. Msichana akaweka kikapu chini.

"Mama, ule utaoza."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa sijui, mutoto wangu. Papa Emery anasema tukimuzika tunamusaliti. Kila muntu wa muji huu anamukumbuka kwa sababu hatujamuzika."

Iradukunda hakuwa msichana wa kelele. Alikuwa na sauti ya baba yake, ile ya kusema jambo zito kana kwamba anauliza bei ya nyanya. "Papa alipigania haki ya kila muntu. Ya bamama wa muchele, ya balimu, ya bafungwa ambao hata hakubajua majina. Ya kwangu iko wapi? Nani ananipigania minye?"

Pudentienne angeweza kumgombeza. Alikuwa mama, alikuwa na haki hiyo. Badala yake aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, kwa sababu msichana alikuwa amesema kweli na alikuwa ameisema bila hasira.

"Unafikiri minye simungojee?" Iradukunda aliendelea, na sasa sauti ikavunjika. "Mulango ukigongwa, roho yangu inaruka. Ku kanisa nikiona mugongo mrefu mbele yangu, sisikie tena misa. Nimechoka, Mama. Nataka kuolewa na muntu anayekuja kweli."

Mama akamvuta, wakalia wote wawili palepale uani, mbele za watu, bila kujali nani anatazama. Naye Niyonzima, aliyekuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akajifanya hajaamka.

*

Asubuhi Niyonzima alimfuata shemeji yake ufukoni, mahali mitumbwi inaposhusha ndagala. Mitumbwi ilikuwa haijafika. Ziwa lilikuwa limetulia, na ng'ambo milima ya Burundi ilionekana karibu kama vile mtu angeweza kumwita mtu wa upande ule. Wanawake walikaa juu ya ndoo zao wakipiga soga. Wawili hao walikaa kando.

"Mahali hapa," Pudentienne alisema, "ndipo aliniuliza kama ningekubali kuolewa na mwalimu. Nilimuambia mwalimu anakula chaki. Akasema basi, tutakula chaki pamoja." Alitabasamu, akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Shemeji, nikuambie kitu ambacho sikuambia muntu. Siku ile walipomuchukua, nilienda ku kambi. Komanda mumoja, ule wa meno ya dhahabu, alinivuta kando. Akasema, 'Mama, ukae kimya, atarudi. Ukipiga kelele, mimi sijui.' Nikakaa kimya. Bote banasema niko na roho ngumu, sikulia mbele ya askari. Uongo! Nilinyamaza kwa sababu nilisadiki. Redio ikitaja jina yake, nilikuwa nazima, nisije nikamuua kwa kusikiliza tu."

Machozi yalimtoka mzee, akayaacha yateremke. "Maskini weye. Umebeba hiyo peke yako?"

"Ningefanya je? Kama ilikuwa kweli?"

Niyonzima akakoroga mchanga kwa fimbo. Halafu akaanza kusimulia kwa namna ya wazee wa bondeni, kana kwamba habari ile ilitokea jana. "Babu yetu Manirakiza, wazungu walimupeleka Katanga ku kazi ya mashimo ya shaba. Akapotea. Bibi yake akamungojea mpaka batoto bakakosa kuoa. Ndipo ndugu zake bakazika mugomba, kilio ikaisha, bibi akaozesha batoto. Lakini kila muntu aliyetoka Katanga, yeye alimufuata njiani: umemuona bwana yangu? Bantu bakamuambia, Mama, si mulimuzika? Akajibu, ule anashika nafasi tu. Siku moja muzee mwenyewe akatokea njiani kwa miguu, kipofu wa jicho moja. Bakaenda kufukua mabaki ya mugomba bakatupa, pombe ikanywewa siku mbili."

Pudentienne alikuwa amegeuka mzima kumtazama. "Unasema nini, Shemeji?"

"Nasema mugomba unashika nafasi. Haukatazi muntu kurudi. Na haukatazi kumutafuta. Ungekuwa unakataza, sisi wenyewe tungekuwa wauaji."

"Kwa nini hukuniambia siku ulipofika?"

"Uliniambia haiingie ku nyumba," mzee alisema, kidogo kwa kinyongo. "Halafu kila muntu akaanza kugomba. Nilipata nafasi gani?"

Mtumbwi wa kwanza ukagusa mchanga, wanawake wakainuka na ndoo zao wakisukumana. Pudentienne hakuinuka. Alikaa akiwaza juu ya mwanamke yule wa zamani aliyewafuata watu njiani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya gari lile, alihisi kwamba ana kazi ya kufanya.

*

Walizika siku ya Jumamosi, juu kule makaburini, mji mzima ukionekana chini mpaka ziwani. Sanduku la Léopold lilikataliwa kwa adabu, na mgomba ulibebwa juu ya mkeka. Lakini hema lake lilikubaliwa kwa sababu ya jua, na yeye mwenyewe akapewa kiti mbele kabisa.

Watu walivyokuja! Wanawake wa mchele walitoka Bwegera na Nyakabere. Wafuliiru waliteremka kutoka Lemera kwa njia za miguu wakiwa wamebeba viatu mikononi ili visichakae. Wengine walikuwa wanafunzi wake wa darasa la tano, sasa wana mvi. Pombe ya ndizi ilipita kwenye vibuyu, na kila aliyekunywa alitaka kusema. Mmoja alieleza Mwalimu alivyomtoa kwenye kasho, chumba cha mahabusu, kwa kumng'ang'ania mlinzi mpaka mlinzi akachoka. Mama mmoja mzee akaigiza kofi na kofia iliyoruka, na mstari wa "Asante, sasa tuendelee na mazungumuzo" ukasemwa na watu wote kwa pamoja, kama watoto darasani. Walicheka sana. Katikati ya kicheko wengi waligundua wanalia. Emery peke yake alisimama mbali, karibu na lango, mikono nyuma, uso umefungwa.

Léopold alisimama akasema kwamba Anastase alikuwa raia mwema, kwamba utawala unaomboleza na familia, kwamba sasa ukurasa umefungwa. Alipigiwa makofi machache, ya adabu. Akaketi, akanywa.

Ndipo Pudentienne akaja na koti. Alipiga magoti kando ya mkeka, akauinua mgomba kwa mkono mmoja kama mtu anavyomwinua mgonjwa kumnywesha, akaupitishia koti mabegani. Likaukaa. Akafunga kifungo cha chini, cha kati, na alipofika cha juu akachelewa, kwa sababu kile cha juu Anastase hakuwahi kukiweza, na asubuhi zote za maisha yao alikuja kwake akiinua kidevu, naye akamfungia huku akimwambia asimame vizuri. "Simama vizuri," alisema sasa kwa sauti ndogo. Akakifunga. Halafu akalia kilio alichokuwa amekikataza miaka yote, kilio kikubwa, cha mdomo wazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Iradukunda alimshika kiuno. Niyonzima akatupa udongo wa kwanza.

Kabla watu hawajatawanyika, baba yake Itangishaka, mzee mwembamba wa Nyakabere, alimwendea akamshika mikono yote miwili. "Mama, sasa tunaweza kuja na pombe yetu?"

"Mukuje," Pudentienne alisema. "Mulango iko wazi."

*

Jumatatu asubuhi Léopold alimkuta Pudentienne amekwisha kufika kwenye biro, ofisi ya utawala, ameketi kwenye benchi la barazani, amevaa kitenge kisafi, kilemba kimefungwa barabara.

"Mama Anastase! Karibu, karibu. Umekuja juu ya bao ya avenyu?"

"Hapana, Papa Léopold. Nimekuja kuuliza bwana yangu iko wapi."

Kijana alicheka kidogo, akangoja bure Pudentienne naye acheke. Akamwingiza ndani, akafunga mlango nusu. "Mama, labda ni uchungu. Inatokea. Bwana yako tulimuzika Jumamosi. Minye nilikuwa pale, nikasema maneno."

"Ulikuwa pale, na ulisema vizuri, asante. Sasa unijibu weye mwenyewe. Uliona tulizika nini?"

Léopold alikuwa mtoto wa mjini, mila aliiheshimu bila kuiuliza maana yake, na sasa maana hiyo ilionekana ikimjia polepole usoni.

"Uliona nini?"

"Mugomba," alisema hatimaye.

"Basi. Ule ni wetu, tulimukata ku shamba yetu, tunajua mahali iko. Kilio ku nyumba yangu imeisha na mutoto wangu anaolewa. Muntu mwenye nauliza ni ule mulibeba nyinyi." Kisha akamwambia yote, bila kupandisha sauti: siku, saa, rangi ya gari, askari aliyemshika mkono wa kushoto, komanda wa meno ya dhahabu na maneno yake, singilendi, kandambili moja iliyobaki njiani. Alisema na jina kamili la mumewe na la baba yake. "Kama ni muzima, mumutoe. Kama ni maiti, munipe, nikafukue mugomba. Nitakuja kila Jumatatu. Andika, Papa."

Léopold hakuandika. Alisimama haraka kwenda kuufunga mlango vizuri, watu wasisikie. Mlango haukufungika, kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama pale. Alikuwa Domitille, vidole vyake bado vina weusi wa makaa. Mtaa mzima ulijua kwamba mwanawe mkubwa yuko Tanzania anafanya kazi, na anaendelea vizuri. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema kila aliyemuuliza.

"Mumalize na Mama Iradukunda kwanza," Domitille alisema, macho chini. "Nitangoja. Minye pia niko na muntu ninamuuliza."